Kufagia au kuingiza ufunguo: kuhamisha bitcoin ya karatasi kwenda simuni

Ami yangu ni nahodha wa mashua hapa Amu, yaani Lamu. Kaskazi ya mwaka 2017 alikuwa na mgeni aliyepanga nyumba Shela kwa miezi kadhaa, mtu wa kompyuta, na kila alipompeleka Takwa kutazama magofu au Manda Toto kuogelea, mgeni yule alilipa nauli kwa shilingi kisha akaongeza bahashishi kwa bitcoin, ile sarafu ya kidijitali. Hakumfungulia akaunti popote. Alimchapishia karatasi yenye miraba miwili ya QR, akamwambia aitunze kama hati ya shamba. Ami akaitunza kweli: ndani ya bahasha ya kaki, kwenye kasha, chini ya kanzu za Idi. Mwezi uliopita aliitoa akaniletea dukani Langoni ninakotengeneza simu, akasema, "Mwanangu, nitilie hii kwenye simu iwe kama M-Pesa."

Ombi ni dogo, lakini lina njia mbili, na njia hizo kwa anayeanza hufanana kama mapacha. Zote unafungua programu, unaskani mraba, salio linatokea. Moja ni kufagia, nyingine ni kuingiza ufunguo. Nimemwona mtu akipoteza kila alichokuwa nacho kwa kutojua ni ipi aliyotumia, ndiyo maana ninaziweka hapa sambamba, pamoja na programu zenyewe, kwa yeyote mwenye karatasi kama ya ami. Msimamo wangu nautanguliza: fagia. Kuingiza kuna mahali pake, nami nitapaeleza, lakini ni padogo.

Karatasi imebeba nini

Bitcoin yenyewe haimo kwenye karatasi. Imo kwenye daftari la wote ambalo maelfu ya kompyuta duniani zinalitunza tangu Januari 2009. Karatasi imebeba vitu viwili: anwani na ufunguo. Anwani ni kama namba yako ya simu, unampa mtu akutumie. Ufunguo ni kama PIN, ila PIN hii haibadilishiki, hakuna wa kumpigia ukiipoteza, na anayeiona mara moja anaweza kuitumia miaka kumi baadaye akiwa nchi nyingine.

Tazama ufunguo wako unaanza na nini kabla ya kuchagua programu. Ukianza na 5 na kuwa na herufi 51, ni wa mtindo wa zamani. Ukianza na K au L una herufi 52. Ukianza na 6P una herufi 58 na umefungwa kwa neno la siri. Bila neno hilo hakuna programu itakayoufungua, hata ukiwa nao mkononi. Wa ami ulianza na 5, na anwani yake ikaanza na 1. Ishara hiyo ndogo huamua programu itakayokufaa na makato utakayolipa.

Wapo wanaosema: iacheni ikae, mbona imekaa miaka yote hii. Kwa Amu sikubali. Kuta zetu za matumbawe na chokaa huvuta unyevu, kusi huingiza chumvi hadi ndani ya kabati, mchwa hawabagui hati, na nyumba ya makuti ikishika moto haikupi nafasi ya kurudi ndani. Najua Msikiti wa Riyadha una hati za mkono za umri mkubwa kuliko wa babu zetu, lakini zile ziliandikwa kwa wino na karatasi za watu waliokusudia zifike kwa wajukuu, na zina wanaozitunza. Karatasi ya risiti, inayochapwa kwa joto, hufifia yenyewe. Wino wa printa ya kawaida huchuruzika ukipata tone la maji. Ya ami ilichapwa kwa leza, akasalimika, na hata hivyo pale ilipokunjwa mraba wa ufunguo ulikuwa umeshachubuka, simu ikakataa kuusoma. Zilizotuokoa ni herufi zilizochapwa chini yake, akaziandika mwenyewe moja moja.

Tazama salio bila kugusa ufunguo

Watu wengi hukosea hapa, kabla hata ya kuhamisha. Hamu ya kujua kuna kiasi gani huwafanya waskani ufunguo kwenye programu ya kwanza wanayoipata. Huhitaji ufunguo ili kuona salio. Chukua anwani peke yake, uiandike kwenye tovuti ya mempool.space au blockstream.info, na utaona kilichoingia, kilichotoka na tarehe zake. Fanya hivyo wiki nzima ukitaka, hakuna hatari yoyote kwa pesa.

Na usiipige picha karatasi. Ami alikuwa amekwisha kuipiga, akitaka kunitumia kwa WhatsApp. Namshukuru Mungu mtandao ulikuwa mbovu siku ile. Picha ya ufunguo huingia kwenye ghala la picha, kutoka hapo hupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kuamua. Februari 2025 kampuni ya Kaspersky ilieleza kirusi kiitwacho SparkCat kilichopatikana ndani ya programu zilizokuwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple. Kazi yake ilikuwa kusoma maandishi ndani ya picha za mwenye simu, kikitafuta maneno ya kufungulia pochi, yaani mahali programu inapotunza funguo zako. Tuliifuta picha ya ami kwenye ghala, tukaifuta tena kwenye pipa la taka la simu, na kuanzia hapo tukauhesabu ufunguo ule kuwa umeshaonekana. Hilo peke yake lilitosha kuamua baina ya njia mbili.

Kuingiza ufunguo

Ukiingiza, programu inaunakili ufunguo wa karatasi na kuuweka ndani ya simu. Kwenye daftari la wote hakuna kilichosogea. Bitcoin ipo anwani ile ile, ila sasa funguo ni mbili: moja kwenye karatasi, moja simuni. Uzuri wake ni kwamba hulipi makato, husubiri chochote, na kama kuna mtu bado anatuma kwenye anwani ile, utapokea kama kawaida.

Ubaya wake ni mzito zaidi. Kwanza, kila aliyewahi kuuona ufunguo bado anao: aliyekuchapishia, printa ya ofisi iliyohifadhi kumbukumbu, kijana wa saiba aliyekusaidia. Kisha kuna ulivyozaliwa ufunguo wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa MyCrypto walionya kwamba tovuti maarufu ya kutengenezea pochi za karatasi, WalletGenerator.net, ilikuwa na kasoro iliyoweza kuwapa watu tofauti funguo zile zile. Novemba 2023 kampuni ya Unciphered ikaeleza udhaifu ulioitwa Randstorm, uliogusa pochi nyingi zilizotengenezwa kwenye vivinjari kati ya 2011 na 2015, kwa sababu namba za kubahatisha ambazo kompyuta ilitungia ufunguo zilikuwa hafifu na ufunguo ukaweza kukisiwa. Ukiingiza ufunguo kama huo simuni umeusogeza tu. Udhaifu umekuja nao.

La tatu ndilo lililomwangusha kijana mmoja wa Matondoni. Aliingiza ufunguo wake, programu ikampa maneno 12 ya kuandika, akayaandika vizuri kabisa, akayahifadhi kwa mamake. Akaichoma karatasi kwa sababu alisikia ndivyo inavyotakiwa. Miezi michache baadaye simu ilimtoka mkononi akishuka boti Mokowe, ikazama. Alinunua nyingine, akaweka programu ile ile, akaandika maneno 12, na salio likasoma sifuri. Aliniletea simu iliyotolewa majini baada ya siku mbili. Niliifungua, chumvi ilikuwa imeshaila bodi.

Maneno yake yalikuwa sahihi, neno kwa neno. Kilichotokea ni hiki: maneno 12 ni chimbuko, na funguo zote zinazochimbuka humo hurudi ukiyaandika tena. Ufunguo wa karatasi haukuchimbuka humo, umetoka nje. Ulikaa simuni kama mgeni, na simu ilipozama, mgeni akazama nayo. Programu nyingi huandika onyo kuhusu jambo hili, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza.

Halafu kuna chenji. Bitcoin hutumika kama noti. Ukitoa noti ya 1,000 kununua changu wa 300, hukati kipande cha noti. Unaitoa nzima na kurudishiwa 700. Kwenye bitcoin zile 700 zinahitaji anwani ya kurudia, na programu hazifanani: nyingine huzirudisha anwani ile ile, nyingine huzipeleka anwani mpya iliyo ndani ya simu. Mtu anatumia kidogo, kisha anaifuta programu akiamini kilichobaki kimo kwenye karatasi. Kumbe karatasi ilikuwa tupu tangu matumizi ya kwanza. Hasara hii ni ya zamani sana na bado inawapata watu.

Kwa hiyo ingiza ikiwa kiasi ni kidogo kuliko makato ya siku hiyo, au kama kufagia ni hatua ya pili ya dakika tano zijazo. Usiingize kwa nia ya kukaa.

Kufagia

Ukifagia, programu inautumia ufunguo mara moja tu, kutia saini muamala unaohamisha kila kitu kutoka anwani ya karatasi hadi anwani mpya iliyozaliwa na maneno yako 12. Karatasi inabaki tupu. Aliyeuona ufunguo hana cha kuchukua. Simu ikizama, maneno 12 yanarudisha yote. Hakuna chenji, kwa sababu hakuna kilichobaki.

Unachotoa ni makato ya mtandao, na haya watu huyaelewa vibaya kwa kuyapima na M-Pesa. M-Pesa hukata kwa kutazama kiasi unachotuma. Mtandao wa bitcoin hautazami kiasi, hutazama ukubwa wa muamala kwa baiti, na kinachoukuza muamala ni idadi ya malipo yaliyoingia. Mgeni wa ami alituma mara tisa. Kila lipo lililoingia kwenye anwani ya mtindo wa zamani yenye ufunguo wa 5 huchukua baiti 180 hivi, kwa hiyo muamala wa kufagia tisa ulikaribia baiti 1,660. Siku hiyo bei ilikuwa satoshi 4 (satoshi ni kipande kidogo cha bitcoin, kama senti kwa shilingi) kwa baiti: jumla satoshi 6,640 hivi. Kama bahashishi yote ingeingia kwa mkupuo mmoja, yangekuwa kama 880. Kwa hesabu ya kichwa, bitcoin moja ina satoshi milioni 100. Ikiwa bei yake ni dola 100,000, basi satoshi 1,000 ni dola 1.

Bei hiyo hupanda na kushuka kama nauli ya boti wakati wa Maulidi. Desemba 2017 wastani wa makato kwa muamala mmoja ulipita dola 50. Mwenye bahashishi ya dola 30 angefagia siku ile, angefagia hewa. Fungua mempool.space, tazama bei ya baiti, na kama iko juu subiri. Mara nyingi mwisho wa wiki hutulia. Chagua makato ya kadiri, usichague ya chini kabisa, maana muamala unaweza kuning'inia siku kadhaa na ukakosa usingizi bure. Bloku, yaani ukurasa mpya wa lile daftari la wote, hupatikana kwa wastani wa dakika 10. Zikipita sita, saa moja hivi, umemaliza.

Hasara nyingine ya kufagia ni kwamba hakurudi nyuma. Ukifagia kwenda kwenye pochi ambayo maneno yake umeyaandika kimakosa, umeitupa pesa yako kwa mkono wako. Kwa hiyo pochi mpya ijaribiwe kabla: andika maneno 12, ifute programu, iweke tena, rudisha kwa maneno uliyoyaandika, hakikisha anwani inayotokea ni ile ile. Ndipo ufagie. Najua ni kazi ya nusu saa isiyo na raha. Mimi siikubali kazi ya mtu asiyetaka kuifanya.

Programu nne

BlueWallet ni ya bitcoin peke yake, iko Android na iPhone, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua. Inapokea funguo za 5, za K na L, na za 6P ukiwa na neno la siri. Jambo lake moja la kujihadhari: haina kitufe cha kufagia. Unatengeneza kwanza pochi ya maneno 12, kisha unaingiza ufunguo wa karatasi kama pochi ya pili, kisha unatuma yote kutoka ya pili kwenda ya kwanza. Ni kufagia kwa hatua mbili. Wengi huishia hatua ya kwanza, wanaona salio, wanafurahi, na wamebaki palepale alipokuwa kijana wa Matondoni. Ukiweza kujisimamia mpaka mwisho, hii ndiyo nyepesi kuisoma kuliko zote nne.

Electrum ni kongwe. Thomas Voegtlin aliianzisha mwaka 2011. Kwenye kompyuta ina kufagia kamili ndani ya menyu. Kwenye simu ya Android unaweza kufungua pochi mpya ya funguo zilizoingizwa kisha ukatuma, kama BlueWallet. Inakupa udhibiti mzuri wa makato. Ina ugumu wake: ufunguo wa K au L ukiuandika mtupu, itautazama kama wa anwani inayoanza na 1. Ikiwa karatasi yako ina anwani ya bc1q, lazima utangulize p2wpkh: mbele ya ufunguo, la sivyo utaona sifuri na moyo utapaa. Tena maneno yake 12 hufuata utaratibu wake wenyewe, programu nyingi nyingine haziyatambui, kwa hiyo andika jina la programu pembeni ya maneno. Na ichukue kwenye tovuti yake rasmi tu: Desemba 2018 wezi walisambaza ujumbe wa uongo wa kuwataka watumiaji wapakue toleo jipya, wakaiba zaidi ya bitcoin 200.

Mycelium ya Android ndiyo ninayoiheshimu zaidi kwa kazi hii mahsusi. Ina sehemu ya akiba baridi: unaskani ufunguo, unatuma moja kwa moja kwenda anwani yako, na ufunguo hauhifadhiwi simuni. Hupokea pia 6P. Sura yake ni ya kizamani, menyu zimejificha, na mtu wa umri wa ami hupotea humo. Kwa fundi, au kijana mwenye subira, ningeitanguliza.

Coinomi hufagia moja kwa moja na hubeba sarafu nyingi, kwa hiyo kama karatasi yako ni ya litecoin au dogecoin itakufaa pale ambapo BlueWallet na Electrum hazina msaada. Msimbo wake umefungwa, hakuna wa nje anayeweza kuukagua. Kwa kiasi kidogo sina neno. Kwa akiba ya miaka, siwezi kukushauri.

Kama ufunguo wako ni wa ethereum, wenye herufi 64 na anwani ya 0x, mambo ya chenji hayakuhusu kwa kuwa kule salio ni moja kama la akaunti. Lakini la maneno linakuhusu: MetaMask hukuruhusu kuingiza ufunguo, na akaunti iliyoingizwa hivyo hairudishwi na maneno yake ya siri. Tuma yote kwenda akaunti iliyozaliwa na maneno hayo. Na kama karatasi ina tokeni bila ether, itabidi kwanza utume ether kidogo pale ya kulipia makato.

Njia ya tatu: kuuza moja kwa moja

Wengine huniuliza kwa nini wasipeleke kwenye soko la kubadilishana na kutoa shilingi. Inawezekana, ila ni lazima ufagie kwanza. Kumpa mtu au kampuni ufunguo ili "akusaidie kuuza" ni kumpa pesa. Sheria imebadilika pia. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi kuhusu sarafu hizi, na kwa miaka mingi onyo hilo ndilo lililokuwa neno la serikali. Septemba 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 kwa mauzo, ikafutwa mwaka 2025 na badala yake ikawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria inayowataka watoa huduma wa mali za kidijitali wawe na leseni. Kwa hiyo ukiuza, uza kupitia mwenye leseni. Na ukiuza kiasi kikubwa kumbuka pochi ya M-Pesa hubeba hadi shilingi 500,000 tu kwa wakati mmoja. Bitcoin ikikaa kwenye soko, aliyeshika ufunguo ni soko. Kwa siku mbili za kuuza sawa, kwa kuweka akiba hapana.

Alivyochagua ami

Alichagua BlueWallet, kwa sababu aliisoma mwenyewe bila mimi kumwonyesha wapi pa kubonyeza. Nilikaa upande wa pili wa meza muda wote wa ufunguo kuandikwa. Sikutaka kuuona, wala yeye asizoee kuuonyesha, hata kwa mtoto wa ndugu yake.

Hatukutumia simu anayokwenda nayo baharini. Hapo ndipo tulipobishana kidogo. Alitaka iwe kama M-Pesa, mfukoni, na mimi nikamuuliza simu ngapi amezizamisha tangu aanze uanahodha. Akanyamaza, kisha akasema, "Nne." Kiasi kilichokuwamo kwenye karatasi kilikuwa kimekua kuliko alivyodhani, mwanzoni mwa 2017 bitcoin moja ilikuwa karibu na dola 1,000. Kama kingekuwa kikubwa zaidi ya hapo ningemwambia asubiri tuagize kifaa maalumu cha kutunzia funguo, kisichounganishwa na intaneti. Kwa kiasi chake, simu ya zamani ilitosha, ikasafishwa ikawa kama mpya, ikawekwa programu hiyo moja tu, bila laini.

Maneno 12 aliyaandika kwa kalamu ya risasi mara mbili, kwa mkono wake, kwa hati yake nzuri ya chuoni. Karatasi moja ipo kwake Mkomani ndani ya chupa kavu iliyofungwa, nyingine kwa dada yake Malindi. Tulifuta programu na kuirudisha kwa maneno. Anwani ikatokea ile ile. Jumapili asubuhi, satoshi 4 kwa baiti, akabonyeza. Alipoona kwenye mempool.space anwani ya karatasi imesoma sifuri alishtuka, nikamwonyesha anwani mpya yenye kiasi kile kile pungufu ya makato.

Karatasi alitaka kuichoma palepale. Nilimzuia. Bitcoin Cash, sarafu nyingine yenye daftari lake, ilijitenga na bitcoin tarehe 1 Agosti 2017, na malipo yake yote tisa yaliingia kabla ya siku hiyo, kwa hiyo ufunguo ule ule ulikuwa na kiasi hicho hicho cha Bitcoin Cash kwenye daftari la pili. Mpangilio hapa ni muhimu: bitcoin huhamishwa kwanza, zikithibitishwa bloku sita, ndipo ufunguo uliokwisha kutolewa bitcoin zake uingizwe kwenye programu nyingine ya kuchukulia hizo za pili. Ukianza na za pili umeufichua ufunguo wenye mali kubwa kwa ajili ya ile ndogo. Tulizifagia kwa Coinomi, na hapo karatasi akaipeleka kwenye jiko la makaa mwenyewe.

Ombi lake la kwanza halikupotea. BlueWallet hukuruhusu kutoa msimbo wa kutazamia tu kutoka simu moja na kuuingiza kwenye nyingine. Simu anayokwenda nayo Manda sasa inaonyesha salio na inatoa anwani ya kupokelea, mgeni mwingine akitaka kumpa bahashishi kwa njia ile. Kutuma haiwezi. Ufunguo uko nyumbani, ndani ya simu iliyozimwa, kwenye kasha, chini ya kanzu.